Nani ashike zamu? Kulinganisha njia za kumpumzisha anayeuguza nyumbani

Usiku ulionishtua ulikuwa usiku wa kawaida. Nilikuwa nimeshamgeuza mama ubavu wa kulia, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, kisigino hakigusi godoro. Nikakaa pembeni ya kitanda nipumzishe macho kidogo. Nilipozinduka, saa nne zilikuwa zimepita. Mama alikuwa ubavu uleule, na nilipopitisha kidole kwenye mfupa wa nyonga nikakuta ngozi ina joto na imekuwa ngumu kuliko ya pembeni yake. Kidonda cha kulalia huanza hivyo, kabla hata hakijaonekana kwa macho. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, nami nililijua hilo vizuri. Sikuwa mzembe. Ulikuwa usiku wa tisa sijalala kama binadamu.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kupokewa mzigo: ndugu, mhudumu wa kulipwa, kituo cha mchana, na mgonjwa kulazwa kwa muda. Wanaouguza huniuliza ipi ni bora, na mimi huwarudishia swali: kwako kilichochoka ni nini? Mtu aliyekosa usingizi wiki tatu na mtu aliyechoka kukaa peke yake na mgonjwa asiyeongea wote husema "nimechoka", lakini dawa zao ni mbali mbali.

Uchovu wenyewe upime kwanza

Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake walitunga dodoso la kupima jinsi anayeuguza anavyoelemewa. Toleo linalotumika zaidi leo lina maswali 22, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 4, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 88. Mhudumu wa afya anaweza kukupitisha humo kwa muda mfupi. Mimi nililipenda kwa sababu maswali yake hayaoni haya. Yanauliza kama hupati muda wako mwenyewe, kama afya yako imeharibika, kama hasira hukupanda ukiwa karibu na mgonjwa. Lile la hasira nilikaa nalo muda mrefu kabla ya kujibu, maana sikuwahi kulisema mbele ya mtu.

Ukiona haya kama mimi, jua kwamba kuna watu waliolifuatilia jambo hili hadi kwenye ngozi. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichapisha mwaka 1995 katika jarida la The Lancet habari za wanawake 13 waliouguza ndugu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wakilinganishwa na wanawake 13 wasiouguza. Wote walitiwa jeraha dogo la milimita 3.5, kisha likafuatiliwa. Majeraha ya wanaouguza yalichelewa kupona kwa wastani wa siku 9. Miaka minne baadaye, Richard Schulz na Scott Beach waliripoti juu ya wazee waliouguza wenzi wao wa ndoa. Waliouguza huku wakielemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza, katika kipindi cha miaka 4. Waliouguza bila kuelemewa hawakuwa na ongezeko la namna hiyo. Hapo ndipo nilipoacha kujilaumu kwa kutaka kupumzika. Lawama zote nilizokuwa nikijitupia zilikuwa zinampeleka mama kwenye siku ambayo hakutakuwa na wa kumgeuza.

Ndugu, au mhudumu wa kulipwa?

Njia hizi mbili zinafanana katika jambo moja: mgonjwa habanduki nyumbani. Kitanda ni kilekile, choo anakijua, harufu na sauti za nyumba ni zake. Kwa mgonjwa ambaye akili yake inapotea njia, hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mahali pageni pekee panatosha kumvuruga siku nzima. Baada ya hapo zinaachana.

Ndugu ana mapenzi, na mgonjwa humwona ni wa kwake. Mama alikuwa akikubali kula kwa mkono wa dada yangu hata siku alizonikatalia mimi. Lakini ndugu hakufundishwa, na mara nyingi hajui kwamba hajui. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekuja mara moja kwa mwezi huona kazi ni kuogesha na kulisha tu. Kaka yangu, kwa nia njema kabisa, alimwinua mama kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega la upande uliopigwa na kiharusi misuli yake haishiki tena, na mvuto mmoja waweza kulitegua. Mama aliugulia bega lile majuma mawili. Si kosa la kaka, ni langu. Nilimwachia zamu bila kumwonyesha. Nguo nazo zina kanuni yake: mkono uliopooza huingizwa kwanza wakati wa kuvisha, na hutolewa mwisho wakati wa kuvua. Jambo la nusu dakika kulifundisha, na hakuna anayelijua kwa kubahatisha.

Udhaifu mwingine wa ndugu ni kwamba hawezi kukataa mbele yako, kwa hiyo hukataa nyuma yako. Anaahidi Jumamosi, Jumamosi inafika na simu haipokelewi. Dawa ya hilo niliyoiona ikifanya kazi ni kuacha kuomba "msaada" na kuomba saa. "Njoo unisaidie na mama" ni ombi lisilo na mwisho, kila mtu hulikimbia. "Kaka, shika saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, kila Jumamosi, kazi ni hizi tatu" ni kitu ambacho mtu anaweza kukikubali au kukikataa waziwazi. Na wapo ndugu wasioweza kukaa na mgonjwa kabisa, wanaogopa au wanaumia kumwona. Hao wape kufuata dawa, kulipia mhudumu, kufua. Usiwalazimishe kitandani.

Mhudumu wa kulipwa kwa saa ana kinyume cha hayo. Anafika kwa wakati kwa sababu ndiyo kazi yake, anajua kugeuza, kuogesha kitandani, kubadilisha nepi bila kumfunua mgonjwa mwili mzima. Anachokosa ni historia. Hajui kwamba mama akikunja kidole gumba maana yake anataka mkojo. Gharama nayo ipo, na saa zikiongezeka inapanda haraka. Kisha kuna aibu ya mgonjwa: mtu mzima kuoshwa na mgeni si jambo dogo. Muulize mgonjwa anataka mwanamke au mwanamume, na kama anataka aogeshwe na wewe kwanza, mhudumu ashike mengine hadi wazoeane.

Kasoro moja ya njia hizi zote mbili inasahaulika sana: ukibaki ndani ya nyumba, hupumziki. Utasikia kikohozi, utanyanyuka. Mhudumu atauliza taulo ziko wapi. Ukichagua njia ya kuletewa mtu nyumbani, wewe ndiye wa kutoka, hata kama ni kwenda kukaa chini ya mti. Ikiwa huwezi kutoka kwa sababu huna imani na aliyeshika zamu, basi bado hujapata wa kushika zamu. Mfundishe zaidi au mbadilishe.

Kituo cha mchana

Hapa mgonjwa ndiye anayetoka. Anapelekwa asubuhi, anakaa na wenzake, anapewa chakula na dawa zake, jioni anarudi. Nyumba inabaki yako. Ukitaka kulala sebuleni saa nne asubuhi, unalala.

Kwa mgonjwa anayeweza kukaa kwenye kiti saa kadhaa na anayefurahia watu, sijaona njia inayoizidi hii. Inampumzisha na yeye pia. Tunasahau kwamba mgonjwa naye anachoka kutazamwa na uso mmoja wenye wasiwasi tangu alfajiri. Zarit, yule wa dodoso, mwaka 1998 yeye na wenzake walionyesha kwamba familia zilizotumia vituo vya mchana angalau siku 2 kwa wiki kwa miezi 3, kwa jamaa zao wenye kupoteza kumbukumbu, hazikuelemewa sana kama zile ambazo hazikuvitumia. Zingatia kipimo hicho. Siku mbili kila wiki, kwa miezi. Siku moja leo na nyingine mwezi ujao ni kumsumbua mgonjwa bure, maana kila mara anaanza upya kuzoea.

Tatizo lake ni asubuhi. Kumwandaa mtu aliyepooza nusu ya mwili atoke mlangoni kwa wakati, ameoga, amevaa, amekula, amekaa wima nusu saa baada ya kula ili chakula kisirudi, kulinichukua saa mbili. Ongeza kumpandisha na kumshusha garini. Kama kituo kiko mbali, hesabu vizuri: siku ya saa saba inaweza kukuachia saa tatu. Waulize pia kama wana mtu anayeweza kumhamisha mgonjwa kutoka kiti hadi choo, na wanafanyaje akianza kuhangaika jioni. Wagonjwa wengi wenye kupoteza kumbukumbu huvurugika zaidi jua linapokaribia kuzama, hivyo kumchukua mapema kidogo kunaweza kuokoa usiku wako wote.

Kwa mgonjwa wa kitandani kabisa, au mwenye maumivu makali, au anayepata maambukizi ya kifua mara kwa mara, kituo cha mchana usikifikirie. Utamchosha.

Kumlaza siku kadhaa

Hii ni njia ambayo watu huijia mwisho, wakiwa wameshaanguka. Mgonjwa analazwa kwenye makao ya matunzo au hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wenye maradhi yasiyopona, kwa siku chache hadi majuma mawili, na wewe unaachiwa kabisa, mchana na usiku.

Nguvu yake iko kwenye usiku. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa usiku tano mfululizo. Ukihitaji upasuaji wewe mwenyewe, ukifiwa, ukifika mahali unajiona unaweza kumpiga mgonjwa, hii ndiyo, na usingoje. Kumpiga nimelitaja makusudi. Wapo wanaouguza waliofika ukingoni hapo na wakanyamaza kwa aibu. Ukijikuta hapo, siku hiyohiyo mwambie mtu mmoja na uombe mgonjwa ashikwe na mwingine.

Hasara zake ni nzito vilevile. Mgonjwa mwenye kumbukumbu dhaifu anaweza kuvurugika vibaya mahali pageni, akarudi hajui kutumia choo alichokijua wiki iliyopita. Aliyekuwa akitembea hatua kumi kwa kushikwa anaweza kuwekwa kitandani tu kwa sababu ni rahisi kwa wahudumu. Unapotembelea mahali pa kumlaza, tazama visigino na makalio yanatunzwaje, uliza usiku mhudumu mmoja anashika wagonjwa wangapi, na ufike mara moja bila kutoa taarifa, saa ya chakula. Saa ya chakula haina siri. Utaona kama anayelishwa anangojewa ameze.

Nami nakushauri usianze na majuma mawili. Anza na usiku mmoja, kisha siku tatu. Mara ya kwanza mama alilazwa siku nne. Siku mbili za mwanzo sikulala, nilikuwa nikiamka kila baada ya saa mbili kama saa ya ukutani, mwili haujui kwamba zamu imekwisha. Usingizi wa kweli ulikuja usiku wa tatu. Kwa hiyo kwa aliyekesha muda mrefu, usiku mmoja wa kulazwa unamfundisha mgonjwa na wewe, lakini haukupumzishi. Uhesabu kama jaribio.

Usiku peke yake

Watu wengi hulinganisha njia za mchana tu, na hali wamechoshwa na usiku. Kama tatizo lako ni usingizi, mhudumu au ndugu wa kushika usiku mmoja au miwili kwa wiki anashinda kituo cha mchana cha siku tano. Kulala mchana hakulipi deni la usiku kwa mtu aliyezoea giza, na mchana una simu, wageni na kazi. Lala chumba kingine, mlango umefungwa, na mkubaliane wazi ni mambo gani tu yatakayomfanya akuamshe: kupumua kwa shida, kuanguka, homa, kutoitika. Kingine kingojee asubuhi.

Mimi ningechagua vipi

Aliyekosa usingizi achague usiku kwanza. Aliyeumia mgongo atafute mhudumu wa kulipwa saa za kuogesha na kuhamisha, hata kama ni saa moja tu kila asubuhi, kwa sababu ndizo saa zinazovunja mgongo. Aliyechoka upweke na kutazamana achukue kituo cha mchana kama mgonjwa anaweza kukaa. Aliyefika ukingoni, amlaze mgonjwa. Ndugu nawaweka kwenye kila njia kama nyongeza, si kama nguzo pekee, isipokuwa pale ambapo fedha haipo kabisa. Hapo wanne wanaoshika saa tatu tatu kila wiki ni bora kuliko mmoja aliyeapa kufanya yote.

Kati ya pumziko refu la mara moja na mafupi ya kila wiki, nachagua mafupi bila kusita. Refu hukusimamisha ulipoanguka, ila wiki moja baada ya kurudi unakuta uko palepale. La kila wiki hukufanya uvumilie hata saa ngumu za Jumatano kwa kuwa unajua Ijumaa ipo.

Ni haki kusema pia kwamba ushahidi wa kisayansi si mwepesi kama tunavyotaka. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyohusu wanaouguza watu wenye kupoteza kumbukumbu yalipata majaribio 4 tu yenye washiriki 753, na hayakuonyesha faida iliyo wazi ya kupumzishwa. Waandishi wenyewe walisema majaribio hayo yalikuwa machache na ya ubora mdogo. Nilipoyasoma sikushangaa sana. Nilikumbuka miezi yangu ya kwanza ya kituo cha mchana, nilivyozitumia saa zile kufua mashuka, kupanga foleni za dawa na kusafisha chumba cha mama. Jioni nilimpokea nikiwa nimechoka kuliko asubuhi, na mtu angenipima angesema kituo hakijanisaidia. Saa ya kupumzika iliyojazwa kazi za mgonjwa bado ni ya mgonjwa. Nilianza kuona tofauti pale nilipoandika siku moja kabla nitakachokifanya, kitu kimoja tu: kulala, kumtembelea rafiki, kutembea. Mashuka yakangoja.

Daftari la makabidhiano

Njia yoyote utakayochagua itasimama au kuanguka kwa makabidhiano. Lile letu lilikuwa daftari la mistari lenye kamba, likining'inia kwenye mguu wa kitanda. Ukurasa wa kwanza uliandikwa yasiyobadilika: dawa na saa zake, mzio, upande uliopooza, anamezaje, anaitwa nani anapohangaika, namba za kupigia. Kurasa zilizofuata ziliandikwa kila zamu: amekula kiasi gani, amegeuzwa saa ngapi na upande upi, amepata choo au la, ngozi ikoje.

Saa za dawa ziandike kwa wino mwekundu. Kwa mgonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, kuchelewa kwa levodopa, dawa yake kuu, hata kidogo kunaweza kumkakamaza hadi ashindwe kumeza au kugeuka, na mhudumu mgeni akadhani ni ukaidi. Kwa aliyepata kiharusi, andika kinywaji kiwe kizito au chepesi kiasi gani ili akimeze bila kupaliwa, na kwamba akae wima.

Siku ya kwanza usimwachie mtu daftari ukaondoka. Fanyeni zamu moja pamoja, wewe ukifanya naye akitazama. Ya pili yeye afanye, wewe utazame na mikono yako nyuma. Ya tatu toka kwa saa moja. Mgonjwa ambaye bado anaelewa aambiwe mapema, kwa maneno yake: nani anakuja, lini, na wewe utarudi saa ngapi. Kisha urudi saa hiyohiyo. Mama alilia mara mbili za mwanzo. Mara ya tatu alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akafumba macho.

Kaka yangu ndiye aliyekuja kuwa wa usiku wa Jumamosi, baada ya lile bega. Nilimfundisha majuma matatu. Zamu yake ya kwanza peke yake niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwenye daftari kabla hata ya kumsalimia. Ameandika kwa herufi kubwa, kama mtoto wa shule: saa nne kulia, saa sita kushoto, saa nane mgongo, saa kumi kulia. Na chini yake: "Ameomba maji. Nimempa vijiko vitano, amekaa wima. Ngozi nzuri. Usiamke."